Unathibitishaje kwamba simu yako inanaswa na serikali, ili mahakama ikusikilize?

Kalamu_Kimya aliandika:

Wakuu, mwenye uelewa wa sheria naomba anisaidie.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu kubwa naifanya kwa simu. Wiki mbili zilizopita mtu aliyekuwa akinipa taarifa kwa zaidi ya mwaka mzima alinipigia, akaongea kama dakika moja tu: "Wewe nakuamini. Simu ndiyo siiamini." Tangu siku hiyo hapokei. Kama kuna anayetusikiliza mimi sijui, na yeye hajui. Lakini kazi imeshaharibika, na hilo ndilo linaloniuma.

Nikaanza kusoma kesi za watu waliowahi kuzishtaki serikali zao. Nimekwama kwenye Clapper v. Amnesty International, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Februari 2013. Mawakili, waandishi na watetezi wa haki za binadamu walipinga kifungu cha 702 cha FISA, sheria ya Marekani ya upelelezi wa kigeni, kinachoruhusu kunasa mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani bila kibali cha jaji kwa kila mtu. Majaji 5 dhidi ya 4 wakawarudisha mlangoni: hamjaonyesha kwamba ninyi hasa mmenaswa, hofu yenu ni ya kukisia. Hata gharama walizoingia kusafiri ili waonane na watu wao ana kwa ana zilihesabiwa kuwa za kujitakia. Niliposoma hapo niliiweka simu chini, maana ndicho nilichokuwa napanga kufanya. Halafu Juni mwaka uleule, nyaraka za Edward Snowden, aliyefichua siri za unasaji wa serikali ya Marekani, zikaanza kuchapishwa.

Swali langu: mtu atathibitishaje jambo ambalo sheria yenyewe inaagiza lisijulikane? Kuna mahakama iliyowahi kuuona ugumu huu?

Mchambua_Hukumu alijibu:

Ipo, mkuu. Soma Roman Zakharov v. Urusi, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, 4 Desemba 2015. Zakharov alikuwa mhariri, mtu wa habari kama wewe, na hakuweza kuthibitisha kwamba simu yake imenaswa. Mahakama ikasema si lazima. Kama sheria inamgusa kila mwenye simu, na hakuna njia ya kweli ya kulalamika ndani ya nchi, basi kuwepo kwa sheria hiyo peke yake kunaingilia faragha yako.

Usiiruke sehemu inayoeleza mitambo. Kampuni za simu zilitakiwa kufunga vifaa vinavyowapa maafisa wa usalama njia ya moja kwa moja kuingia kwenye mtandao. Kibali cha jaji kilitakiwa na sheria, lakini afisa hakulazimika kumwonyesha mtu wa kampuni. Tena vifaa vyenyewe vilikatazwa kuweka kumbukumbu ya nani amenaswa na lini. Sasa ushahidi ungetoka wapi? Majaji waliliona hilo, wote kwa kauli moja.

Kwingine ushahidi ulipatikana kwa bahati. Afrika Kusini, mwandishi Sam Sole wa amaBhungane, kituo cha habari za uchunguzi, alipata uhakika baada ya maandishi ya mazungumzo yake ya simu na mwendesha mashtaka kuambatishwa kwenye hati za kesi nyingine kabisa! Kesi yake ikafika Mahakama ya Katiba, na tarehe 4 Februari 2021 sehemu za RICA, sheria yao ya kunasa mawasiliano, zikabatilishwa. Unasaji wa jumla, yaani wa mawasiliano ya watu wengi kwa pamoja bila kumlenga mtu, nao ukatamkwa kuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa hakuna sheria yoyote iliyouruhusu. Kinachokuhusu zaidi ni hiki: wakati Bunge likirekebisha, mahakama iliagiza aliyenaswa aarifiwe kwa maandishi ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, ingawa jaji anaweza kuongeza muda.

Sina_Neno alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo. Nijuavyo, mara nyingi wanachukua namba iliyopiga, iliyopigiwa na muda tu. Maneno hawasikilizi. Mtu asiye na kosa anapoteza nini hapo?

Dada_Nukta alijibu:

Kaka Sina_Neno, nami niliamini hivyo, hadi nilipochapa orodha ya simu zangu za mwezi mmoja. Nikafuta majina, nikabakiza namba, saa na dakika, nikampa mwenzangu wa kazini asome.

Aliweka kidole kwenye simu ya saa nane usiku, dakika nne. Muda huohuo nimepiga namba tatu mfululizo, sekunde chache kila moja. Kuanzia kesho yake, namba moja ngeni kila siku mchana, siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili namba hiyo haipo, ila simu zinazoingia ni zaidi ya arobaini. Akanitazama, akauliza taratibu, "Ulifiwa na nani?"

Neno hata moja hakusikia.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema jambo hilihili Aprili 2014 ilipofuta agizo la kuhifadhi rekodi za mawasiliano ya watu wote: ukizikusanya pamoja, zinafichua maisha ya mtu kwa undani. Na kwenye kesi ya Carpenter, Marekani, Juni 2018, wapelelezi wa serikali walikuwa wamechukua rekodi za mahali simu ilipokuwa kwa siku 127, nukta 12,898, kwa mtu mmoja. Mahakama ya Juu ikasema hapo kibali cha jaji kinahitajika.

Mchambua_Hukumu alijibu:

Pole sana, dada.

Kalamu_Kimya, nisikupe matumaini kupita kiasi. Mei 2021, kwenye Big Brother Watch v. Uingereza, walalamikaji walishinda, lakini Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu haikupiga marufuku unasaji wa jumla. Ilidai ulinzi: idhini itoke kwa chombo kisichoitegemea serikali, si kwa waziri, na watoa habari wa waandishi walindwe zaidi. Kwa kazi yako hilo la mwisho ni kubwa.

Kalamu_Kimya alijibu:

Asanteni sana. Zakharov naianza usiku huu, na ile sehemu ya mitambo nitamchapia wakili wetu. Dada Nukta, na mimi nimeichapa orodha yangu. Namba ya yule mtu imo mara 61.

Kesho naenda kumtafuta mwenyewe. Simu nitaiacha mezani, ikiwa imewashwa.