Kufanyia kazi nyumbani Mbeya: sebuleni, chumba cha uani au nipange meza mjini?

Mwana wa Forest

Wakuu, habari za huko. Naomba mawazo ya watu wanaofanya kazi wakiwa nyumbani huku Nyanda za Juu Kusini. Ushauri mwingi ninaokutana nao ni wa watu wa Dar, wanazungumzia feni na joto, wakati mimi hapa Forest Mpya naandika haya nikiwa na koti na soksi jozi mbili. Ni Juni, mnajua wenyewe.

Natunza hesabu za maduka matatu yaliyoko Dar. Kazi ni kompyuta kutwa nzima, simu, na vikao vya mtandaoni kama mara tatu kwa wiki. Nina njia tatu na zote nazipenda nusunusu.

Sebuleni: meza ya chakula ipo, mwanga mzuri, ruta iko hapo hapo, sitoi hata shilingi. Ila watoto wanarudi kutoka shule saa nane, na sebule yetu ndiyo njia ya kwenda jikoni.

Chumba cha uani: ilikuwa stoo, futi kumi kwa kumi. Sakafu ya saruji, bati juu bila dari, dirisha moja linatazama kaskazini. Mlango unafungika kwa ufunguo. Umeme upo, soketi moja.

Meza mjini: jamaa yangu ana ofisi karibu na Kabwe, ananipa kona kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, mtandao wake humo humo. Nauli juu yangu.

Ninyi mngechagua ipi? Siangalii bei peke yake. Nataka kazi itoke na mgongo usiniue.

Mama Ilomba

Pole na majukumu mdogo wangu. Mimi natafsiri nyaraka, na sebuleni nimekaa miaka minne kabla sijahama. Televisheni utaizima, watoto utawatuma dukani, lakini mtu akipiga hodi utafanyaje? Huku kwetu akikukuta umekaa, kwake umekaa tu, na mgeni haachwi peke yake na kikombe.

Siku moja niko kwenye kikao na mteja, akaingia mama mkwe kutoka Rungwe, mkungu wa ndizi kichwani, ametoka nao asubuhi na mapema. Nikavua hedifoni, nikapiga magoti nikamsalimia, nikampokea mzigo, nikamtilia chai. Niliporudi kwenye kompyuta mteja ameshakata. Na sikuwa na kosa la kumlaumu mama, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza kwamba ile ndiyo kazi yangu.

Kesho yake nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikamwonyesha ukurasa wa lugha moja upande huu na ukurasa wangu upande wa pili, nikamwambia ada ya shule ya wajukuu wake inatoka hapa. Aliangalia kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo akifika anamuuliza dada, "Yupo kazini?", na akiambiwa nipo, anakwenda jikoni kupumzika mpaka nitoke.

Kwa hiyo mimi nasema uani, lakini kabla hujanunua hata msumari, zungumza na watu wa nyumbani: unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, na jambo gani linaruhusu kugongewa. Mimi natundika kanga nyekundu kwenye kitasa wakati wa kikao. Hata wa chekechea anaielewa.

Mnyalu wa Kihesa

Kamwene. Na mimi nasema uani, hasa kwa sababu ya hilo dirisha. Sisi tuko kusini ya Ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini. Dirisha la kaskazini linakuingizia jua miezi ile ile ya baridi, na Desemba jua likihamia kusini halikusumbui. Hapa Iringa nilihamisha meza kutoka chumba cha kusini kwenda cha kaskazini, nikaacha kuvaa glavu. Kagua tu paa lisiwe limetokeza sana likaziba.

Meza iweke ili dirisha liwe ubavuni. Likiwa mgongoni kwako kioo cha kompyuta kinameta, na kwenye kikao watu wanaona kivuli badala ya sura. Likiwa mbele yako macho yanachoka mapema.

Sasa baridi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba hicho, hata likiwa limekolea na halitoi moshi. Mkaa mwekundu ndio unaotoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mimi mwenyewe nililiweka chini ya meza Julai moja, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Baada ya muda kichwa kinagonga, nasoma mstari mmoja mara tatu siuelewi, nikadhani ni uchovu wa kawaida. Mke wangu alipofungua mlango kuniletea chai ndiye aliyenivuta nje, miguu ikiwa haina nguvu. Ukiona kichwa kinauma, kizunguzungu au kichefuchefu na jiko liko ndani, toka nje kwenye hewa safi kwanza, halafu nenda hospitali. Kila msimu wa baridi watu wanapoteza maisha huku kwa sababu hii, na wengi walikuwa wanatafuta joto tu.

Heta ya umeme ni salama zaidi ila piga hesabu. Ya wati 1,000 inakula uniti moja kila saa. Saa tano kwa siku, siku 22 za kazi, ni uniti 110. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, heta peke yake imekutoa, na kuanzia hapo kila uniti ni bei nyingine kabisa. Mimi natumia ule mpira wa maji ya moto wa kulalia. Kuchemsha lita mbili kwenye birika ni kama moja ya tano ya uniti. Naufunga taulo, nauweka chini ya nyayo au mapajani, natupia blanketi juu ya magoti. Chumba kinabaki baridi lakini mimi sisikii.

Mwana wa Forest

Aisee kaka, hilo la jiko nilikuwa nalifikiria kweli, tena mke wangu ameshalitoa stoo. Nalirudisha leo. Huo mpira unakaa na joto muda gani?

Mnyalu wa Kihesa

Kwangu ni kama saa mbili na nusu. Acha maji yatulie kidogo kabla ya kumimina, usijaze mpaka juu, toa hewa ndipo ufunge. Na sakafu ya saruji inanyonya joto la miguu: tandika magunia kwanza, mkeka juu yake, halafu zulia.

Tukuyu kwa Mvua

Mnamshauri aende uani na hakuna aliyemwuliza habari ya bati! Mimi nafundisha wanafunzi kwa mtandao nikiwa Tukuyu, ambako mvua haina likizo. Bati tupu likipigwa na mvua kubwa hata mtu mliyekaa naye chumba kimoja humsikii, sembuse wa upande wa pili wa simu. Muhula wa kwanza nilipoteza vipindi vingi namna hiyo, wanafunzi wananiandikia, "Mwalimu, hatusikii, kuna kelele kama ya mashine."

Piga dari kabla hujahamia. Jipsamu au plaiwudi, vyovyote mfuko wako unavyoruhusu, mradi kuwe na nafasi ya hewa kati yake na bati. Itakupunguzia kelele na itakushikia joto pia, maana bati usiku wa anga safi linapoa kama barafu. Kisha pazia zito na zulia, kwa sababu chumba kitupu cha saruji kinarudisha sauti na unasikika kama uko pangoni. Hedifoni yenye maiki inayokaa karibu na mdomo ni bora kuliko maiki ya kompyuta, na usipoongea izime.

Jambo jingine ni unyevu. Vitabu vya hesabu vya karatasi usiviegemeze ukutani, vitaota ukungu. Acha nafasi ya kiganja na ufungue dirisha kila mchana.

Kijana wa Kabwe

Mimi natofautiana nanyi. Nililipia meza mjini mwaka mzima na sijutii. Nikiwa nyumbani nilikuwa siongei na mtu mzima mpaka jioni, kazi inaanza saa mbili asubuhi na haina mwisho, nakula nikiwa nimeshika simu ya mteja. Mjini nikifunga kompyuta saa kumi na moja nimefunga. Kwa mtu anayeishi peke yake shilingi 60,000 si hela ya kutupa. Mwenye familia ndani ya uzio mmoja huenda asihitaji.

Ila muulize jamaa yako kama umeme ukikatika ana betri. Wakati wa mgao wa mwaka 2023 mwenye meza yangu hakuwa nayo, nikawa nalipia giza.

Fundi wa Uyole

Umeme niachieni mimi. Angalia chini ya ruta yako kuna kibandiko kinasema volti 9 au 12. Kuna vibetri vidogo vinauzwa kwa ajili ya ruta tu, unachomeka katikati ya adapta na ruta, umeme ukienda mtandao hautikisiki. Hakikisha volti zinalingana, ukiweka 12 kwenye ruta ya 9 utaiua. Kibetri cha kawaida kinaivusha ruta saa mbili mpaka tatu, na kompyuta ina betri yake. Kwa makato mengi ya huku hiyo inatosha.

Ukitaka kutwa nzima, betri ya volti 12 na 100Ah (ampia 100 kwa saa moja, yaani wati 1,200 za saa moja) pamoja na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Betri za asidi usizikamue zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu wati 600 za saa moja. Kompyuta na ruta pamoja ni kama wati 60. Ukitoa upotevu wa inveta unapata saa nane hivi. Usiifungie kwenye kabati, inahitaji hewa.

Na hiyo soketi moja inanitia wasiwasi. Soketi ya kawaida ni ampia 13, kama wati 3,000. Heta ya 2,000 na birika la 2,000 kwenye ekstensheni moja ni moto unaousubiri. Mwite fundi aongeze soketi ya pili kwa waya wake.

Seremala Mafinga

Mgongo. Mbao za msitu wa Sao Hill ziko jirani nami, meza ninazochonga nyingi ni za chakula, na nyingi zina sentimita 75. Kwa watu wengi huo ni urefu wa kulia ugali, kuandikia ni mrefu. Jipime hivi: kaa kitini, shusha mabega, kunja viwiko pembe mraba. Meza iishie pale viwiko vilipo. Ikikuzidi, ongeza kiti kwenda juu na uweke kibao cha miguu ili nyayo zisining'inie.

Kompyuta mpakato inakuinamisha shingo kutwa. Iinue juu ya vitabu au matofali mawili mpaka ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na macho, halafu nunua kibodi na mausi za pembeni. Kiunoni kunja kanga mara nne uiweke nyuma. Na kila baada ya dakika 20 tazama kitu kilicho mbali kwa sekunde 20. Wewe unao mlima Loleza hapo, utumie.

Dada wa Njombe

Kamwene wote. Kwangu meza ya mjini haikuwezekana kabisa, mteja wangu yuko Chicago. Kwao ikiwa saa tatu asubuhi, Njombe ni saa kumi na moja jioni, na wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa kumi na mbili. Ofisi zinafungwa wakati mimi naanza. Kwa hiyo angalia saa za wateja wako kabla ya kulipa kodi. Wa Dar saa zao ni zile zile zako, hilo ni jepesi.

Halafu mtandao upime kwa saa zako za kazi, ukiwa umekaa pale pale utakapokaa. Mimi niliupima mchana sebuleni ukakimbia vizuri. Saa mbili usiku, chumba cha nyuma, kila mtu amewasha simu yake, sauti ikawa inakatikakatika. Kuta za tofali mbili na bati vinameza mawimbi. Nilivuta waya kutoka kwenye ruta mpaka mezani, tatizo likaisha. Na laini ya pili ya mtandao mwingine iwe na bando dogo muda wote.

Mwana wa Forest

Mrejesho, wiki tano baadaye.

Nilichukua uani. Dari ya plaiwudi imepigwa, soketi ya pili ipo, waya wa mtandao umepita chini ya vigae vya korido mpaka mezani. Zulia na magunia yametandikwa. Jua linaingia kuanzia saa nne na linatembea juu ya meza mpaka saa tisa, naweka mkono pale nasikia joto lake. Heta nimewasha asubuhi mbili tu tangu nihamie. Mpira wa maji ndio mkombozi.

Jamaa wa Kabwe amekubali nilipe kwa siku, shilingi 5,000 pale umeme ukikatika siku nzima au nikichoka kukaa peke yangu. Nimekwenda mara tatu.

Mama Ilomba, nilikaa na watoto kama ulivyosema. Mdogo, ana miaka sita, alichagua mwenyewe kitambaa cha kutundika, ni skafu yake ya njano. Jana nilisikia nyayo zake zimefika mlangoni, zikasimama, zikarudi. Nilipotoka saa kumi nilimkuta kwenye ngazi na daftari lake magotini, ananisubiri.

Dari bado haijajaribiwa, mpaka mvua za Novemba. Seremala, naomba kipimo cha kibao cha miguu, kiti nimekiinua na nyayo hazifiki vizuri.

Seremala Mafinga

Upana sentimita 45, kina 30. Upande wa visigino kimo sentimita 7, upande wa vidole 12, ili kiwe na mteremko. Juu pigilia kipande cha zulia, ubao mtupu una baridi.