Commodore 64 ya mtumba, nikague nini kabla ya kulipa?

Wakuu naombeni ushauri, nimepata mtu anauza Commodore 64, zile kompyuta za nyumbani zilizotoka 1982, ina adapta yake ya zamani ila anasema hajaijaribu. Sasa hizo adapta zikizeeka volti 5 zinapanda zinaunguza chipu za RAM, so sitaki kabisa aichomeke kunionyesha, bora nitafute adapta mpya kwanza. Kinachoniumiza kichwa ni chipu ya sauti, SID, hiyo ndo roho ya mashine na haitengenezwi tena, kuna watu wanaichomoa wanaiuza peke yake. Nikimwomba afungue kava nikaona namba ya SID, 6581, juu ya chipu inatosha kweli au nayo inaweza kuwa feki imepigwa chapa upya? Na kutu kwenye bodi ikifika wapi niachane nayo? Naitaka sana hii mashine jamani.