Re: Re: Orodha ya wanachama imerudishwa, tumebaki 17

Kutoka: Mha wa Bremen (sasa Katubuka)

Ndugu zangu wa mwisho wa reli, salaam.

Wengi mnajua nimesharudi nyumbani. Tuna kikundi chetu cha kujitolea hapa mjini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya usafi mwalo wa Kibirizi, tunahamasisha watu kuchangia damu hospitali ya Maweni, na tumekarabati madawati ya shule moja ya msingi ambayo watoto walikuwa wanakaa wanne wanne. Sasa tunataka usajili. Wengine wanasema tukishasajiliwa tuombe kuwa klabu ya Rotary, ule mtandao wa kimataifa wa klabu za kujitolea, wengine tubaki kama tulivyo. Hilo tutagombana baadaye.

Tumepeleka kila kitu: katiba, muhtasari wa kikao, picha za pasipoti, barua ya mtendaji hadi ya wilaya, na orodha ya watu 20. Dada wa dirishani kapitisha kalamu nyekundu majina matatu. La kwanza langu, kwa sababu nina pasipoti ya Kijerumani. La pili la kijana wa Mwandiga ambaye namba yake ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, "inashughulikiwa" tangu akiwa kidato cha nne, na leo ana watoto wawili. La tatu la mama mmoja wa Ujiji aliyezaliwa Uvira, Kongo, enzi baba yake akivusha chumvi ya Uvinza. Tukaambiwa, "Leteni majina yaliyonyooka."

Swali langu ni moja. Mwenye pasipoti ya nje anaweza kuandikwa mwanachama kamili wa jumuiya inayosajiliwa kwa Sura 337, ile Sheria ya Jumuiya, au mpaka kwanza awe na kibali cha ukaazi daraja C? Naomba anijibu aliyepitia. Nadharia ninazo za kutosha.

---

Kutoka: Pili, Leicester

Pole sana kaka. Yangu ilikuwa TIN, namba ya mlipakodi. Nilitaka kulipia kodi ya pango la ardhi kiwanja cha marehemu mama pale Gungu, mfumo wa TIN ukadai NIDA, NIDA sina kwa sababu niliondoka kabla ya zoezi. Nikaambiwa nije mwenyewe niweke alama za vidole. Nauli ya ndege kwenda kulipa kodi ambayo haifiki hata bei ya chakula cha uwanjani! Mwisho mdogo wangu kalipa kwa jina lake, na sasa anaanza kusema kiwanja chake.

La klabu sijui. Ila hongereni kwa madawati.

---

Kutoka: Kijana wa Gungu

Bro mbona rahisi. Wewe jiandike mwanachama wa heshima, yule mama naye wa heshima, dogo asubiri NIDA. Tafuteni watatu wengine mtaani, kazi imeisha.

---

Kutoka: Katibu Mstaafu, Toronto

Kijana, kabla ya kusema rahisi uwe unasoma. Nimekuwa katibu wa klabu ya Rotary huku kwa muda mrefu, kwa hiyo niweke sawa mambo mawili.

Mwanachama wa heshima hapigi kura, halipi ada, na hahesabiwi kwenye wale waanzilishi 20 wanaotakiwa ili klabu mpya ya Rotary ipewe hati. Mkiwa na wa heshima watatu, bado mna 17. Lions, mtandao mwingine wa klabu kama hizo, nao wanataka 20. Kama watu hawatoshi kuna njia ndogo: Rotary wana klabu ya setilaiti, watu 8 wanatosha, inakaa chini ya klabu mama. Tawi la Lions ni watu 5. Hapo humsumbui mtu wa dirishani, mnajibanza kwenye mgongo wa klabu iliyokwisha kusajiliwa.

La pili, msikimbilie kujaza majina. Ankara ya ada ya makao makuu ya Rotary inakuja mara mbili kwa mwaka, Julai na Januari, na wanahesabu majina yaliyomo tarehe 1. Klabu yetu iliwahi kulipia watu ambao walishahamia mikoa mingine, na mmoja, Mungu amrehemu, alishazikwa. Katibu akizembea kufuta jina, mweka hazina analia.

---

Kutoka: Kijana wa Gungu

Sawa mzee. Lakini Rotary si ya wazee wenye makoti? Dada zetu watakaa wapi?

---

Kutoka: Katibu Mstaafu, Toronto

Wanawake wanaingia tangu 1989, huenda ulikuwa hujazaliwa. Na Rotaract ile ya vijana, ukomo wa miaka 30 uliondolewa 2020. Soma, mwanangu.

---

Kutoka: Nesi wa Kasulu, Oslo

Mimi niseme kitu ambacho wote mnakizunguka. Tatizo la Kigoma kwenye kujitolea si fomu, ni posho.

Nimefanya kazi na mashirika ya kambini kabla sijaondoka. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Watoto waliozaliwa mwaka ule leo ni watu wazima, na maisha yao yote wameona semina ni sahihi, nauli, soda na bahasha. Ukimwita mtu kikao cha "jamii" anauliza kwanza, "Kuna kusaini?" Siyo uroho. Ndivyo tulivyofundishwa, na waliotufundisha walikuja na magari meupe yenye antena. Sasa wewe unamwita aje kuzoa taka Kibirizi bure, tena alete na reki yake. Atakuja mara moja kwa heshima ya mgeni wa Ulaya, ya pili atakuwa na msiba.

Nikiwa likizo nilikaa kwenye kikao cha kikundi kama chenu Kasulu. Agenda ya kwanza ilikuwa "kuongeza wanachama". Agenda ya pili, mwenyekiti akatoa fulana, na fulana zilikuwa kumi na watu wako ishirini na kitu. Kikundi kilivunjikia hapo hapo kwenye fulana. Dada mmoja alishika mkono wa fulana, mwenzake ameshika kola, na katibu anaendelea kusoma yatokanayo.

Kaka Bremen, usigawe fulana.

---

Kutoka: Mwalimu wa Buzebazeba

Nesi umesema kweli nusu. Mimi niko hapa hapa Kigoma, simo ughaibuni, mlinikaribisha tu kwenye listi kwa hisani. Nimekuwa mweka hazina wa vikundi viwili.

Posho ni tatizo, lakini kinachoua ni uhamisho. Angalieni orodha ya kikundi chochote cha kujitolea mjini: mwalimu, nesi, mtu wa benki, afisa wa halmashauri, mwalimu, mwalimu. Ndio wanaojua kuandika muhtasari, ndio wana jioni ya bure, na wengi wao si wa hapa, wameletwa na barua ya ajira. Ikifika barua nyingine anapanda basi. Kwa hiyo mnaongeza watano Januari, kufika Juni mmepoteza sita, na kila mwaka mnafanya sherehe ya kuwakaribisha wapya kana kwamba mnakua.

Kikundi kilichodumu ni kile ambacho tuliacha kukutana hotelini. Pale hotelini sahani moja ya wali na kuku ilikuwa inamfukuza mtu wa kawaida kabla hajafungua mdomo, maana kila kikao lazima uagize kitu. Tukahamia darasani, saa kumi na moja jioni, kila mtu na chupa yake ya maji. Ndani ya msimu mmoja wakaja wauza dagaa wawili wa Kibirizi na fundi wa injini za maboti. Hao hawahami. Fundi yule hajui kuandika muhtasari, lakini akisema Jumamosi tunasafisha mwalo, vijana wa maboti wote wanashuka, na hauoni picha yoyote kwenye magrupu.

Ila na hao nao usiwaite usiku ambao hauna mbalamwezi. Wako ziwani kuvua.

---

Kutoka: Mnyamwezi wa Houston

Nawasalimu watani. Nyie Waha mnajadili klabu ya huduma wakati Tabora ndio tunawahudumia tangu zamani. Treni ikifika kwetu inakatwa, mabehewa ya Mwanza kule, ya Kigoma huku, na abiria wenu tunawauzia asali ili wasilale njaa.

---

Kutoka: Bin Rusimbi, Düsseldorf

Utani pembeni. Mimi kinachoniuma ni majina matatu yale. Mnapita juu yake kama kitu cha kawaida.

Kijana wa Mwandiga hana namba. Kwa nini? Mtu wa Moshi akienda kuandikishwa anaulizwa jina la baba. Mtu wa Kigoma anaulizwa babu wa babu alizikwa wapi, na ukitamka jina la Kiha tu unaambiwa hilo la Burundi. Wabunge wetu wameshalisema hili bungeni mara nyingi. Halafu tunakaa hapa kushauriana jinsi ya kuwaondoa kwenye orodha ili inyooke!

Na kaka Bremen naye. Ujerumani wameruhusu uraia zaidi ya mmoja tangu Juni 2024. Mlango uliofungwa ni wa kwetu Tanzania. Hiyo hadhi maalum wanayotupa sisi wa ughaibuni si uraia, hupigi kura.

---

Kutoka: Pili, Leicester

Uraia pacha tuliujadili mwezi mzima mwaka jana, ukaisha kwa watu kublokiana. Tafadhali.

---

Kutoka: Bin Rusimbi, Düsseldorf

Dada, tulijadili ndiyo, tulimaliza? Na wewe mwenye kiwanja kinachochukuliwa na mdogo wako kwa sababu huna NIDA ndiye ungekuwa wa kwanza kupiga kelele.

---

Kutoka: Nesi wa Kasulu, Oslo

Daraja C ni la wanafunzi, watafiti, wamisionari na wanaojitolea. Nakumbuka kwa wazungu tuliofanya nao kazi kambini. Sasa mtu wa Katubuka aombe kibali cha kujitolea Katubuka? Sijui, labda. Mimi ningemwona kwanza mtu wa uhamiaji mwenye moyo, wapo.

---

Kutoka: Msimamizi wa listi

Ndugu, mada ya uraia pacha ihamie uzi wake. Lugha ya heshima. Katibu Mstaafu, usimwite mtu mwanangu kama hamjafahamiana.

---

Kutoka: Mha wa Bremen (sasa Katubuka)

Asanteni wote. Mwalimu, nitakutafuta, nipe jina la hiyo shule. Fundi wa maboti tunamhitaji kuliko mimi. Yule mama wa Ujiji amesema jina lake likifutwa yeye anaendelea kuja na ufagio wake, kwa hiyo tumekubaliana kumfanya msimamizi wa kazi za Jumamosi, karatasi zitasemaje baadaye. Fulana nilikuwa nimeshaagiza, nimesitisha.

Lakini swali la daraja C bado naliuliza. Kuna mtu yeyote mwenye pasipoti ya nje aliyewahi kuandikwa kwenye jumuiya ikapita?

---

Kutoka: Kijana wa Gungu

Kuna mtu anatoka Kigoma kuja huku kwangu Guangzhou mwezi huu? Nina migebuka ya kukausha kwa shangazi, kilo nne tu, nalipia mzigo.

---

Kutoka: Pili, Leicester

Mimi na mawese lita tano. Yafungwe vizuri lakini, la mwisho lilimwagika kwenye begi la watu.