Windows Home au Pro kwa mashine za steshenari?

Mwanjelwa_Prints: Wakuu, habari za jioni. Steshenari iko Mwanjelwa, Mbeya, ina mashine mbili za mtumba zenye Windows 10. Ya kwanza ni Dell OptiPlex, i5 kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD. Ya pili ni i3 kizazi cha 4, RAM GB 4, na diski ya zamani. Fundi anataka kupiga Windows 11 Pro zote mbili, anadai Home ni nzito. Nilipie?

Kabwe_IT: Hapo kwenye uzito umepigwa changa la macho. Pro ni Home iliyoongezewa BitLocker (kufunga data za diski kwa siri), kuingia kwenye mashine hiyo ukiwa mbali kwa Remote Desktop, na mambo ya ofisi zenye seva. Kushea printa hata Home inaweza.

Kabla hujatoa hata mia, fungua PowerShell (dirisha la kuandikia amri, itafute kwenye Start) kwenye OptiPlex, andika:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi 25, leseni imo kwenye BIOS, yaani ndani ya ubao wa mashine yenyewe. Mashine za namna hiyo mara nyingi hutoka kiwandani na Pro, kwa hiyo huenda unauziwa mali yako.

Rungwe255: Tatizo ni hiyo i3. Kwa Intel, Windows 11 inaanzia kizazi cha 8, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Fundi ataipitisha kwa Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya Windows inayoruka masharti hayo) na itawaka, ila maboresho makubwa ya kila mwaka hayatakuja yenyewe; utashusha faili la zaidi ya GB 5 kwa bando lako. Kubaki na Windows 10 nako, muda wa Microsoft kuihudumia uliisha Oktoba 14, 2025.

Ifunge SSD ya GB 240, ongeza RAM ifike 8 (ni DDR3, ukiuziwa DDR4 haiingii), kisha weka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows) toleo jepesi la Xfce. Toleo la Cinnamon linapendeza zaidi, lakini linakula RAM.

Mwanjelwa_Prints: Word za wateja zitafunguka huko?

Rungwe255: Zitafunguka kwa LibreOffice (programu ya bure inayofanana na Office), ila fonti zikikosekana majedwali yanahama na CV ya ukurasa mmoja inageuka miwili. Kazi za Word ziache kwenye OptiPlex; i3 ibaki na maombi ya mtandaoni, skana na kuprinti PDF. Usifute kitu kwanza: washa Mint kutoka kwenye flashi, ujaribu printa na skana. Skana ndizo husumbua zaidi.

Kabwe_IT: Na kwenye OptiPlex washa Metered connection, kwenye mipangilio ya mtandao. Ipo hata Home. Bila hiyo, maboresho yatamaliza bando wateja wakiwa kwenye foleni.