Jeki ya pikipiki ya nyumbani: ya upepo au ya kukanyaga kwa mguu?

Mzee wa Njiro (mleta uzi):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninaishi Njiro, Arusha, na nina pikipiki mbili: Boxer 150 ya safari za sokoni, na Yamaha Ténéré 660 ambayo ikijaa mafuta inazidi kilo 200. Boxer hainisumbui kwa kuwa ina stendi ya kati. Ténéré yangu ina stendi ya upande tu, na kwa kuwa matairi yake hutumia tyubu, kila pancha hunilazimu kutoa gurudumu zima. Hadi sasa nimekuwa nikiiegemeza juu ya kreti ya soda na vipande vya mbao, utaratibu ambao mke wangu ameupiga marufuku tangu siku ilipoteleza ikavunja saiti mira na mkono wa klachi.

Dukani nimeonyeshwa jeki ya upepo na jeki ya kukanyaga, na muuzaji alinisisitizia sana ile ya upepo. Nina miaka 61, goti langu la kulia liliwahi kufanyiwa upasuaji, na hufanya kazi peke yangu. Banda lina sakafu ya zege na umeme upo, lakini sina kompresa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Kijana wa Sakina:
Shikamoo mzee. Naomba kwanza tuondoe dhana ambayo wauzaji huifurahia, kwamba upepo ndio unaonyanyua pikipiki. Katika nyingi ya jeki hizo, upepo wa kompresa huendesha pampu ndogo, na pampu hiyo ndiyo inayosukuma oili kwenye silinda, kazi ile ile ambayo katika jeki nyingine hufanywa na mguu wako. Kwa hiyo usidhani kwamba ya upepo ina nguvu zaidi. Jeki nyingi za nyumbani huandikwa pauni 1,500, yaani kama kilo 680, nawe una mzigo usiofika hata nusu ya huo. Ukilipia upepo, unalipia kutokanyaga tu, na kukanyaga kwenyewe ni kazi nyepesi, maana oili ndiyo inayobeba uzito.

Mama Rau:
Shikamoo baba. Ninayo ya upepo hapa Moshi, huu ni mwaka wa nne, na siijutii, ila nikiri kwamba kompresa ilikuwapo nyumbani kabla ya jeki, kwa sababu mume wangu hupaka magari rangi. Kama ningelazimika kuinunua kwa ajili ya jeki peke yake, nisingethubutu. Jeki kama yangu huhitaji mgandamizo wa bar 6 hadi 8, na kijipampu cha kujazia matairi kinachochomekwa kwenye betri ya gari hakiwezi kuiendesha, hata kama kipimo chake kinaonyesha namba kubwa, kwa sababu kiasi cha upepo kinachotoa ni kidogo mno.

Watakutisha na gharama ya umeme, lakini usiwasikilize. Kompresa ya kilowati 1.5 ikizunguka robo saa haimalizi hata nusu ya uniti. Kinachochosha ni mengine. Kelele yake asubuhi ya Jumapili imeshatuletea mjumbe mlangoni. Tena hewa ikigandamizwa huacha maji ndani ya mtungi, hasa wakati wa masika, na usipoyatoa kupitia koki ya chini yatasafiri kwenye mpira hadi kwenye pampu ya jeki na kuitia kutu. Ninyi wa Arusha mko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, ambako hewa ni nyepesi kuliko huku kwetu, kwa hiyo mtungi utachelewa kidogo kujaa. La mwisho ni umeme kukatika. Yangu ina kanyagio la akiba, na isiyokuwa nalo nisingeinunua hata kwa nusu bei.

Fundi wa Pasua:
Shikamoo mzee wangu. Naona tunajadili pampu wakati Ténéré haikuanguka kwa sababu ya pampu. Ilianguka kwa sababu gurudumu la mbele halikuwa limeshikwa na kitu. Mtu anayefanya kazi peke yake ana kazi tatu kwa wakati mmoja: kuisimamisha pikipiki wima, kusukuma jeki chini yake, na kunyanyua. Ya upepo itakupunguzia hiyo ya tatu, ambayo ndiyo rahisi kuliko zote. Mtafute fundi wa kuchomelea akutengenezee kibano cha gurudumu la mbele kwa vyuma vya pembe, ukifunge sakafuni kwa bolti. Pikipiki ikishasimama yenyewe, utazunguka na kukanyaga kwa mguu wowote unaoutaka, hata ukiwa umekaa kwenye kigoda.

Ukienda dukani, usihesabu kilo zilizoandikwa kwenye boksi. Tazama kama jeki ina pini au vyuma vya kufungia inapofika juu, kwa sababu oili huweza kushuka polepole sili (mpira unaozuia oili isivuje) ikichoka, na hakuna anayepaswa kuingiza mkono chini ya mzigo unaoshikiliwa na oili peke yake. Tazama pia magurudumu yake: yakiwa madogo kama ya kiti cha ofisini, kokoto moja tu itayakwamisha. Jeki ikianza kupanda kwa kudunda, mara nyingi kuna hewa ndani ya oili. Fungua valvu ya kushushia, kanyaga mara kumi au zaidi bila mzigo, kisha ufunge. Na vumbi letu hili ulifute kwenye mti wa silinda, ule unaochomoza jeki ikipanda, kabla hujaishusha, maana ndilo linaloikwangua sili.

Kwa Ténéré, usiikandamize kwa jeki ile kinga ya chini ya injini kabla hujahakikisha kwamba imefungwa kwenye fremu na inaweza kubeba. Ukiwa na wasiwasi, itoe, kisha weka ubao mahali palipo imara, mbali na bomba la moshi na nati ya kumwagia oili. Ukitoa gurudumu la nyuma, uzito utahamia mbele, hivyo funga mikanda ya mizigo pande zote mbili kabla ya kulegeza ekseli.

Mzee wa Njiro:
Marahaba wanangu. Jana jirani mmoja mwenye jeki ya kukanyaga aliniruhusu nijaribu kwake. Nilitumia mguu wa kushoto, na goti halikulalamika. Kweli iliyonitoa jasho ni kuishika pikipiki wima. Nitachukua ya kukanyaga yenye pini, na kilichobaki nitampa mchomeleaji. Fundi, tairi la mbele ni 90/90-21. Nimwambie aache nafasi ya sentimita ngapi?

Fundi wa Pasua:
Hiyo 90 ni upana wa tairi kwa milimita, lakini usimpelekee namba ya karatasi, mzee. Tairi lenye vibonge hupishana na jingine hata kama namba ni moja. Mpelekee pikipiki yenyewe, na mwambie aache nafasi ya kupitisha kidole kila upande.