Waliopungua uzito, ulijuaje kuwa sasa inatosha? Tupeane uzoefu

Mama Pacha (mwenye uzi)

Habari za jioni wanajamvi. Nyuzi za kupunguza uzito zimejaa tele, za tangawizi na ndimu ndiyo usiseme. Mimi nauliza upande wa pili: wewe uliyekwisha kupungua, ulisimama wapi, na nini kilikwambia usimame?

Nina miaka 38, urefu sentimita 162. Januari mwaka jana nilikuwa na kilo 91, leo nina 67. Sikunywa dawa wala chai za kuuziwa mtandaoni. Niliacha soda na chapati za asubuhi, ugali ukawa ngumi moja, mboga nusu sahani, na jioni natembea kutoka Msamvu mpaka nyumbani badala ya kupanda boda. Lengo nililobandika jikoni ni kilo 60. Nililitoa wapi? Ndio uzito niliokuwa nao siku ya harusi. Basi, sina sababu nyingine.

Sasa kilo zimegoma. Kutoka 69 kufika 67 nimelala na njaa wiki sita, nikawa mkali hadi pacha mmoja akamwuliza baba yake, "Mama kakasirishwa na nani?" Nikipiga hesabu ya BMI (kilo, gawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe) napata 25.5. Shirika la Afya Duniani linasema uzito wa kawaida ni kuanzia 18.5 mpaka 24.9. Nimebakiza kitu kidogo hivyo! Dada yangu anasema mashavu yamekwisha, mama mkwe anauliza kama nyumbani kuna amani. Niendelee au nipige breki?

Tundu la Tano

Dada, mimi ni dereva wa lori, Dar–Tunduma. Mizani ninayoiheshimu ni ya Vigwaza, na pale hawapimi watu. Kwa hiyo nilisimama kwa mkanda.

Nilianza na 104, urefu 175, presha juu, kiuno sentimita 113. Muuguzi akaniambia mwanaume ashike 94 kushuka chini, nisimsumbue kwa kilo. Siku kiuno kilipofika 93 nilikuwa na kilo 79, daktari alishanipunguzia kidonge kimoja. Nikasema hapa hapa.

Ila nikukanye. Hii ni mara yangu ya pili. Mara ya kwanza nilifika 82 nikatangaza "nimemaliza dayati". Kumaliza kwangu kulikuwa chipsi kuku Makambako, na bia mbili kila nikishusha mzigo. Miezi minne nikawa nimerudisha kilo tisa. Safari hii sikumaliza kitu. Nakula vilevile, nimeongeza tu chakula cha mchana kikawa cha mtu mzima. Suruali moja ya kazi sijaipeleka kwa fundi. Ikinibana, wiki hiyo soda na bia hazipandi kwenye kabini.

Sina Haraka

Mimi sijajua pa kusimama kwa sababu sijaanza. Nafuatilia uzi nikiwa na kitumbua mkononi.

Mashavu Yamerudi

Mama Pacha, soma yangu mpaka mwisho, halafu nenda kabandue hiyo karatasi jikoni.

Mimi nilipitiliza. Urefu 158, nilianza na 73, lengo 55. Nilipofika 55 nikasema nishuke hadi 52 ili nikirudi kidogo niwe na akiba. Nilipofika 52 nikaona tumbo bado lina nyama uzembe (nimezaa watoto watatu, lingekwenda wapi?). Nikafika 46. Hiyo ni BMI 18.4, chini ya mstari. Na mizani ilikuwa inanipongeza kila siku.

Mwili ulinionya, nikawa sisikii. Baridi wakati wenzangu wanajipepea. Nywele zikitoka kwa mkupuo kwenye kitana. Hedhi ikakata miezi mitatu, nikapima mimba, hakuna. Mtaani wakaanza kunihesabia siku. Mnajua kwetu mtu akikonda anaitwa jina gani. Jirani mmoja alinivuta pembeni akaninong'oneza kuwa siku hizi dawa zipo na watu wanaishi. Nilicheka, nikaingia ndani nikalia.

Hospitali walinipima kila kitu, wakaona damu kidogo, na sili. Daktari hakuzungusha: mwili ukikosa chakula unazima mambo ambayo si ya lazima, na uzazi ni mojawapo. Kuongeza kula kulinitisha kuliko kupunguza. Nilianza na yai moja asubuhi na nusu parachichi mchana, wiki mbili zote nikipanda mizani kama mtu anayekwenda kusomewa hukumu. Sasa nina 53. Hedhi ilirudi mwezi wa tano. Mizani nilimpa wifi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza alama ya kusimama, namwambia angalia unapofikia lengo. Ukilisogeza mbele bila sababu ya kiafya, hapo hupunguzi uzito tena, umeshikwa.

Sista Mstaafu

Nimefanya kliniki miaka mingi. Wanangu, kidogo tu.

Mwili wa kilo 67 unahitaji chakula kidogo kuliko wa kilo 91, hata mkilala siku nzima. Ndiyo maana kilo za mwisho ni ngumu, na ndiyo maana anayerudia sahani ya zamani hurudia mwili wa zamani. Aliyekuwa anashuka nusu kilo kwa wiki alikuwa anapunguza kama kalori 500 kwa siku. Akitaka kusimama azirudishe polepole, wiki kwa wiki: yai ni kama 75, kijiko kikubwa cha mafuta 120. Chapati ya kushiba inaweza kumaliza karibu 300 peke yake, kwa hiyo isiwe ya kwanza kurudi.

Na msishtuke wiki ya kwanza. Wanga huhifadhiwa mwilini pamoja na maji, kama gramu tatu za maji kwa gramu moja. Kula wali siku mbili, mizani inapanda kilo nzima. Ni maji. Wengi hukimbilia kujinyima upya hapo hapo.

Mama Pacha, umepima kiuno? Mwanamke tunamwangalia kwenye 80.

Mzee wa Mahamri

Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni mtu wa sukari, aina ya pili. Nilikuwa kilo 98, sasa 86, na urefu wangu ni 172. Vijana wa hapa watasema bado mzee ana kitambi. Ninacho, na ninakijua.

Lakini kile kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu kilikuwa asilimia 9.1, leo ni 6.6. Daktari alinambia hata kupungua asilimia tano mpaka kumi ya uzito huwa na faida kubwa kwa watu kama sisi. Nikasimama kwa sababu hapa naweza kuishi. Mahamri na mbaazi nala Ijumaa, mawili. Ramadhani ilipita, nikaongeza kilo moja tu, ikaondoka Shawwal. Nilijaribu kufika 80. Nikawa mtu wa kuwafokea wajukuu. Daktari akitaka nishuke zaidi tutazungumza.

Tundu la Tano

Shikamoo mzee. Mawili makubwa au madogo?

Mzee wa Mahamri

Marahaba. Usiniulize mbele ya watu.

Mama Pacha (mwenye uzi)

Nimesoma yote mara mbili. Sista, nimepima kiuno kwa futi ya fundi: 81. Yaani mistari yote imenikosa kwa unywele, nimecheka mwenyewe bafuni.

Dada Mashavu, karatasi nimeibandua. Sikusema nimeacha lengo, nimesema nimeibandua. Nitakaa hapa hapa 67 miezi mitatu, nipande mizani Jumamosi tu, halafu nione kama bado naitaka hiyo 60 au naitaka tu ile siku ya harusi. Nimeongeza yai na nimerudisha kijiko cha mafuta kwenye mchicha. Mume kauliza mboga imepikwa na nani.

Leo Jumamosi: 67.8. Najua, maji. Nimerudia kupima mara tatu, lakini najua.

Sina Haraka, hicho kitumbua ulinunua wapi?