Ushuru wa korosho ghafi unamlinda nani?

Wakuu, kila msimu huku Mtwara na Lindi hoja ni ileile: ushuru wa kusafirisha korosho ghafi upandishwe, wanunuzi wa India na Vietnam wabanwe, viwanda vyetu vipate mali. Mimi napinga, tena nataka ushuru wenyewe upunguzwe.

Sheria inatoza asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, inachukuliwa iliyo kubwa. Anayelipa ni mnunuzi, anayeumia ni mkulima wa Tandahimba. Mnunuzi anajua ataiuza kwa bei gani huko nje. Kabla hajaweka bei ya mnada anatoa usafiri, magunia, ghala na ushuru. Kinachobaki ndicho anachotuandikia. Pale chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, inasomwa bei ya juu, inasomwa bei ya chini, wazee wanaguna. Sehemu ya wanachogunia ni ushuru huo. Nchi hulegeza vizuizi vya biashara ili wakulima wake wapate bei halisi ya soko la dunia na wanunuzi waongezeke mnadani.

Viwanda? Tulijengewa kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Lakini mavuno yalishaporomoka, kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu mbali na mikorosho yao, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia, bei ikakatisha tamaa. Viwanda vikakosa cha kubangua, vingine vikaishia kuwa maghala ya korosho ghafi.

Mchangiaji, Newala: Ndugu mleta mada, vuka Ruvuma uone. Mwaka 1995 Benki ya Dunia iliishinikiza Msumbiji ipunguze ushuru kama huu, ukashushwa hadi asilimia 14. Viwanda vikafungwa, maelfu wakakosa kazi, akina mama wengi wakiwemo. Mkulima aliambulia kidogo sana, faida wakala wachuuzi. Mwaka 1999 wakaupandisha tena, asilimia 18 hadi 22. Halafu ukiuondoa huku kwetu, salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho, itatoka wapi?

Mleta mada: Hoja nzito hiyo, ndugu yangu, na nchi yoyote inayolegeza vizuizi inapaswa kuijibu. Kule Msumbiji mkulima alimuuzia mchuuzi shambani, hana pa kulinganisha bei, kama anavyoibiwa hapa anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada. Sisi tuna stakabadhi ghalani tangu 2007: korosho zinakusanywa ghalani, zinauzwa kwa mnada, wanunuzi wanashindana. Ushuru ukishuka, asiyepandisha bei atakosa mzigo.

Kwenye salfa tuko pamoja. Mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru iliyokuwa ikirudi kwenye zao iliondolewa, fedha yote ikaenda mfuko mkuu wa serikali. Kwa hiyo ushuke kidogokidogo, na unaobaki urudi wote kwenye salfa na miche. Anayetaka kubangua Masasi au Nachingwea asaidiwe kwenye umeme na riba ya mkopo, na msaada huo usitoke kwenye kilo ya mkulima.